Kompyuta ikinyamaza, usikimbilie kuformati: namna ya kutafuta sauti kwenye Linux



Leo ninaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, juu tuna macho. Tuko na wenzetu waliosoma mpaka wakamaliza, ambao hawaoni au wanaona kidogo sana. Wanatumia kompyuta kwa masikio. Programu moja inawasomea kila kitu kilicho kwenye skrini: herufi wanayoandika, jina la faili, barua iliyoingia. Siku sauti inakatika, ile mashini inageuka sanduku. Wewe mwenye macho, spika ikikufa unakosa muziki. Yeye anakosa kila kitu. Hajui kama mashini imewaka, hajui kama barua imetumwa, hajui kama betri imebaki asilimia 5. Na kibaya zaidi, maelezo ya kurekebisha yameandikwa kwenye skrini ileile asiyoweza kuisoma.

Katika mji wetu jibu la kwanza linajulikana: "Tuformate tu!" Kuformati kunafuta TFC, kunafuta barua za kuomba kazi, kunafuta kila kitu, na mara nyingi tatizo halikuwa kwenye faili za mtu hata kidogo. Sauti ya kompyuta inapita kwenye vituo vichache vinavyojulikana, na kila kituo kina kipimo chake. Ukipima kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kwa kawaida utapata palipokatika bila kufuta hata faili moja. Ndiyo kitu kimoja ninachotaka mubaki nacho leo.

Mutaniuliza: wewe mtu wa agronomia, kompyuta za wasioona zinakuhusu nini? Nina sababu mbili.

Ya kwanza ni ya shamba. Hapa Ituri tuko na ugonjwa wa upofu wa mtoni, onkosekiasi. Unaletwa na inzi mweusi mdogo anayezaa kwenye mito inayokwenda mbio, na anayeumwa sana ni mkulima na mvuvi wa kandokando ya maji. Dawa ipo: ivermectin, ambayo kampuni ya Merck inaitoa bure tangu mwaka 1987 na ambayo wagawaji wa vijijini wanapita nayo nyumba kwa nyumba. Lakini jicho likishaharibika, dawa hailirudishi. Ukiongeza surua ya utotoni, mtoto wa jicho, glakoma na ajali, utaelewa kwa nini kila mmoja wetu anamjua mtu asiyeona. Wengine wao wana akili ya kusoma kutushinda.

Ya pili ni ya namna ya kufikiri. Majani ya muhogo yakigeuka rangi, mkulima anakimbilia dawa ya kupuliza. Sisi tulifundishwa kuangalia kwanza. Je, jani limejikunja na lina mabaka? Hiyo inafanana na mozaiki, inayobebwa na inzi weupe, na dawa ya mbolea haitasaidia. Je, ni majani ya chini tu, yote njano sawasawa? Labda udongo umekosa azoti. Je, mmea wote umelegea na udongo umejaa maji? Chimba uangalie mizizi. Alama moja, sababu tatu. Kimya cha kompyuta ni vilevile: alama moja, sababu nyingi.

KWA NINI LINUX

Kwa mwenye Windows, kuna NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Ni kizuri sana, na kama mashini yako inakwenda vizuri na Windows, baki nacho. JAWS nayo inajulikana dunia nzima, lakini inalipiwa, na bei yake haiingii kwenye mfuko wa mwanafunzi wa Bunia.

Lakini mashini nyingi tunazonunua hapa ni za mkono wa pili. RAM ni kidogo, Windows imechoka, leseni haijulikani ilitoka wapi. Kwa mashini ya namna hiyo, mfumo huria kama Debian (ulioanza mwaka 1993) au Ubuntu (uliotoka mwaka 2004, na jina lake ni neno la Kibantu, utu) unaweza kuifufua. Unaruhusiwa kuunakili kwenye kle na kumpa mwenzako bila kuvunja sheria yoyote. Na kisoma skrini kinakuja ndani yake. Kinaitwa Orca.

Kwenye Ubuntu au Debian yenye GNOME, bonyeza pamoja Super, Alt na S. Super ni kile kifungo chenye alama ya Windows. Orca inaanza kuongea. Ukibonyeza tena vilevile, inanyamaza. Hata wakati wa kuinstali Debian, mtu asiyeona anaweza kufanya kazi peke yake: mashini ikilia kwenye menyu ya kwanza, anabonyeza s halafu Enter, na usakinishaji wote unasomwa kwa sauti. Hakuna haja ya mtu mwenye macho kuketi pale.

SAUTI INAPITA WAPI

Fikirieni mfereji wa kumwagilia. Maji yanatoka mtoni, yanapita lango la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kwenye tuta la mwisho lenye kabichi. Ukikuta tuta la mwisho limekauka, hujui ni lango gani limeziba. Kulalamikia kabichi hakusaidii. Unatembea kwenye mfereji.

Kwenye Linux mfereji uko hivi:

Kwanza kuna programu unayotumia, kama Firefox au LibreOffice. Inapaswa kusema ina nini ndani yake: hapa kuna kifungo, hapa kuna aya. Inapitisha habari hizo kwenye njia inayoitwa AT-SPI.

Pili kuna Orca. Inapokea habari na kuamua nini kisomwe na kwa mpangilio gani. Orca yenyewe haina sauti. Inatoa maandishi tu.

Tatu kuna Speech Dispatcher. Huyu ni kama karani wa foleni. Anapokea maandishi kutoka Orca, anachagua sauti gani itumike, anakatiza sentensi ya zamani ikija mpya.

Nne kuna kitengeneza sauti chenyewe, mara nyingi eSpeak NG. Huyu ndiye anayegeuza maandishi kuwa sauti. Alizaliwa mbali: Mwingereza Jonathan Duddington alianza kuandika babu yake mwaka 1995 kwa kompyuta za Acorn. Sauti yake ni kavu, ya roboti, lakini ni chepesi, hakihitaji intaneti, na kinajua lugha zaidi ya 100, Kiswahili na Kifaransa zikiwemo.

Tano kuna mfumo wa sauti wa kompyuta, PipeWire kwenye matoleo mapya au PulseAudio kwenye ya zamani, na chini yake ALSA, kadi ya sauti, spika.

Sasa tunatembea, tukianzia chini. Kwa nini chini? Juu ukithibitisha spika ni nzima, hutairudia tena. Ukianza juu, utabadilisha mipangilio ya Orca saa tatu nzima kumbe mtu alizima spika.

Neno moja kabla ya kuanza: kama unamsaidia mtu asiyeona, keti kando yake, msomee skrini, lakini acha vidole vyake vibaki kwenye vifungo. Mashini ni yake. Na kesho utakuwa Mahagi au Mambasa, yeye atabaki nayo peke yake.

HATUA YA 1: SPIKA

Toa visikilizio vya masikio kama vimechomekwa. Toa kebo ya HDMI, juu wakati mwingine sauti inakwenda kwenye televisheni iliyozimwa. Bonyeza kifungo cha kuongeza sauti mara kadhaa. Halafu fungua terminali (Ctrl, Alt na T kwenye Ubuntu) na andika:

speaker-test -c 2 -t wav

Ukisikia sauti ya mtu anayetaja kushoto na kulia kwa Kiingereza, spika na mfumo wa sauti ni wazima. Simamisha kwa Ctrl na C, nenda hatua ya 2.

Ukisikia kimya, tatizo liko hapahapa, na Orca haina kosa lolote. Jaribu kuondoa ukimya na kupandisha sauti:

wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 0
wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 70%

Bado? Andika alsamixer. Utaona nguzo za sauti. Nguzo yenye MM chini yake imefungwa, kifungo cha M kinaifungua. Bado tena? Anzisha upya mfumo wa sauti:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kwenye mashini ya zamani yenye PulseAudio, andika pulseaudio -k, nayo itajiwasha yenyewe.

HATUA YA 2: KITENGENEZA SAUTI

Andika:

espeak-ng -v sw "Habari ya Bunia"

Ukisikia salamu, kituo cha nne ni kizima. Kama terminali inajibu kwamba haijui amri hiyo, usiogope. Orca inaweza kutumia maktaba ya eSpeak NG hata kama amri yenyewe haijawekwa. Iweke kwa sudo apt install espeak-ng, halafu pima tena.

HATUA YA 3: KARANI WA FOLENI

Andika:

spd-say "Niko hapa"

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Hatua ya 2 inaongea, hatua ya 3 ni kimya. Maana yake ni kwamba Speech Dispatcher amekwama au ametumwa kwa sauti isiyokuwepo. Kwanza mwue, naye atazaliwa upya mara tu mtu akimhitaji:

killall speech-dispatcher
spd-say "Niko hapa"

Kama bado, muulize ana watengeneza sauti gani:

spd-say -O

Kwenye orodha inapaswa kuwemo espeak-ng. Ikikosekana, weka kifurushi speech-dispatcher-espeak-ng. Ikiwepo lakini kimya kinaendelea, mara nyingi kuna faili ya mipangilio ya mtumiaji iliyoharibika au iliyobadilishwa. Usiifute. Isogeze kando:

mv ~/.config/speech-dispatcher ~/speech-zamani

Kama terminali inasema folda hiyo haipo, ni sawa, haikuwepo tangu mwanzo. Iwe ilikuwepo ama hapana, mwue karani tena na pima.

Onyo moja kubwa hapa: musitumie sudo kwa spd-say wala kwa Orca. Sauti ni mali ya kikao cha mtumiaji aliyeingia. Ukimwita karani kama mkubwa wa mfumo, anaweza kushindwa kufikia spika, au kuacha karani wa pili anayegombania kadi ya sauti na wa kwanza. Unakuja kutengeneza tatizo moja, unaacha mawili.

Niwape mfano wa kweli. Yaya mmoja wa mtaa wetu, mhitimu wa ualimu asiyeona, alikuwa na faili ya kuomba kazi ya kuweka kabla ya Ijumaa. Jumatano usiku umeme ulikatika mashini ikiwa kazini, betri yake ilishakufa zamani, na ilipowaka asubuhi ilikuwa kimya. Sekretariati moja ilimwambia wataformati kwa dola 10. Barua yake, CV yake na somo lake la majaribio vyote vilikuwa ndani. Alinipigia simu: "Mudogo, kuja mbio, mashini ilikufa." Nilimwambia asikubali mtu kuigusa.

Tulipima. Hatua ya 1, spika iliongea. Hatua ya 2, eSpeak ilisalimia. Hatua ya 3, kimya. Tulipofungua faili ya mipangilio, tulikuta mstari wa DefaultModule ukitaja kitengeneza sauti ambacho hakikuwemo kabisa kwenye mashini. Mtu aliyekuwa ameazima mashini mwezi uliopita alijaribu kuweka sauti nzuri zaidi, akaanza, akaacha njiani. Kikao cha zamani kilikuwa bado kinaongea kwa sauti ya kwanza, juu yaya huwa anafunga mfuniko tu bila kuzima. Umeme ulipokatika ndipo mpangilio mpya ukasomwa. Tulisogeza folda kando, tukamwua karani, na kabla sijaondoa mkono Orca ilisema "terminali" kwa Kifaransa. Yaya alicheka peke yake muda mrefu. Ijumaa saa nne faili iliwekwa. Kazi yote ilichukua kama dakika 20, na haikugharimu hata faranga.

HATUA YA 4: ORCA

Kama spd-say inaongea lakini Orca haiongei, kwanza jaribu jambo dogo kabisa. Ndani ya Orca, kifungo cha Insert pamoja na S kinazima sauti na kuiwasha. Kwenye mipangilio ya laptop ni Caps Lock pamoja na S. Mtu akigusa kwa bahati mbaya, Orca inaendelea kufanya kazi lakini haisemi. Gusa tena usikilize.

Kama hapana, anzisha Orca upya. Bonyeza Alt na F2, andika orca --replace, Enter. Kama inaongea sasa, ilikuwa imeganda tu.

Ikibaki kimya, fungua mipangilio kwa Insert na Space, uangalie sauti gani imechaguliwa na kama kasi au ukubwa wa sauti haukushuka mpaka sifuri. Mwisho kabisa, katika matoleo mengi mipangilio ya Orca inakaa kwenye folda ~/.local/share/orca. Isogeze kando kama tulivyofanya hapo juu, halafu ianzishe upya. Itarudi kama mpya, na faili za mwenye mashini hazikuguswa.

HATUA YA 5: PROGRAMU YENYEWE

Kuna kimya cha namna nyingine. Orca inaongea vizuri kwenye menyu, inaongea kwenye Firefox, lakini ukifungua programu fulani, hakuna neno. Hapo mfereji ni mzima. Ni mto wenyewe haujatoa maji.

LibreOffice: hakikisha kifurushi libreoffice-gtk3 kimewekwa. Bila hicho, Orca haipati vizuri kilicho kwenye ukurasa.

Programu zilizojengwa juu ya Chromium: nyingine hazitoi habari mpaka uzianzishe na neno --force-renderer-accessibility mwishoni mwa amri.

PDF: hapa ndipo wanafunzi wanateseka zaidi. Silabi nyingi tunazopewa ni picha za kurasa. Mtu alipiga foto kwa simu au alipitisha kwenye skana, akaita PDF. Kwa macho ni maandishi, kwa Orca ni karatasi nyeupe. Kipimo ni rahisi:

pdftotext silabi.pdf - | head

Kama maneno yanatoka, sawa. Kama hakuna kitu, ile ni picha, na dawa yake ni programu ya kutambua herufi. Weka ocrmypdf na tesseract-ocr-fra, halafu andika:

ocrmypdf -l fra silabi.pdf silabi-mpya.pdf

Kwa maandishi ya Kiswahili weka tesseract-ocr-swa na uandike swa pahali pa fra. Kama picha ni safi, matokeo ni mazuri. Kama foto ilipigwa usiku kwa mwanga wa kibatari, hata malaika hataisoma.

SAUTI IPO, LAKINI HAIELEWEKI

Tatizo la mwisho si kimya. Ni sauti inayosoma lugha moja kwa kanuni za nyingine. Sisi hapa tunaandika Kifaransa asubuhi na Kiswahili jioni. Sauti ya Kifaransa ikikuta "chuo", inasema ch kama sh. Ikikuta "jua", u yake inabanwa kwenye midomo. Na sauti ya Kiswahili ikikuta "beaucoup", inasoma kila herufi mpaka p ya mwisho. Aliyezoea anakisia, lakini kusoma kurasa 60 kwa kukisia ni kazi ngumu kuliko kulima.

Dawa ni kutengeneza profaili mbili ndani ya Orca, moja ya Kifaransa na moja ya Kiswahili, na kubadilisha kulingana na kazi. Ukitaka kujua kama karani wako anakubali Kiswahili, pima: spd-say -l sw "Tuko pamoja".

Na kuna habari njema kwa Kiswahili chetu. Siku hizi iko programu huria inaitwa Piper, iliyoanzishwa na Michael Hansen, inayotengeneza sauti inayofanana zaidi na ya mtu na inafanya kazi bila intaneti, hata kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Kwenye orodha ya sauti zake kuna moja iitwayo sw_CD-lanfrica-medium. Angalieni zile herufi CD: ni alama ya nchi yetu. Yaani katika sauti za Kiswahili zinazopatikana bure duniani, iko moja iliyoandikwa kwa jina la Kongo. Pakua faili mbili, ile inayoishia na .onnx na ile ya .onnx.json, uziweke folda moja, halafu:

echo "Bandugu, habari ya leo" | piper --model sw_CD-lanfrica-medium.onnx --output_file habari.wav

Utapata faili ya sauti ya kusikiliza hata kwenye simu. Ushauri wangu: tumia Piper kwa kusoma vitu virefu, kama sura nzima ya kitabu. Kwa kazi ya kila dakika na Orca, baki na eSpeak NG. Ni roboti, ndiyo, lakini inajibu papo hapo, na wasioona wenye uzoefu wanaiendesha kwa kasi ambayo sisi hatushiki hata neno.

KAMA HUNA MEGA

Mega ni ghali na sitaki mtu akwame kwa sababu hiyo. Ukiwa pahali penye intaneti, kwenye mashini yenye toleo lilelile la mfumo, andika sudo apt-get --download-only install ikifuatiwa na majina ya vifurushi. Faili za .deb zitabaki kwenye folda /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye kle, peleka nyumbani, ingia kwenye folda hiyo na uziweke kwa sudo apt install ./*.deb. Jihadhari na jambo moja: apt haipakui kile ambacho mashini ya kwanza inacho tayari, kwa hiyo fanya hivyo kwenye mashini isiyo na vifurushi hivyo. Kle moja inaweza kuhudumia mtaa mzima.

TUNACHOWEZA KUFANYA SISI

Tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ina sheria-ogani namba 22/003 juu ya kulinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Sheria ni nzuri kuwa nayo. Lakini sheria haiwezi kufungua alsamixer, wala haiwezi kugeuza foto kuwa maandishi. Hiyo ni kazi ya mikono yetu, na si kubwa.

Wewe unayeandika silabi au TFC, toa nakala yenye maandishi ya kweli, na tumia mitindo ya vichwa ya LibreOffice au Word, juu Orca inaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua kurasa. Wewe chef de promotion unayepokea notsi kwenye kundi la simu, usipitishe foto 40 bila kuzipitisha kwanza kwenye ocrmypdf. Wewe unayefanya kazi kwenye sekretariati, ukiletewa mashini ya mtu asiyeona, pima vituo vitano kabla ya kutaja neno formate. Na kama umeazima mashini ya mtu kama huyo, usiguse mpangilio wa sauti. Kwake ile sauti ndiyo skrini, kibodi na mlango wa kutokea.

Nakilini amri hizi kwenye daftari, kwa kalamu. Siku zitakapohitajika, skrini haitakuwa na msaada.

Tuko pamoja.